Kokisi ya Bujiku

Mwaka ule wa 1952 Bujiku alitoka mgodini Geita kwenda Shinyanga kuposa, na njia nzima hakukaa. Jamani, mtu kusimama nyuma ya lori siku kutwa! Alishika bomba, akahamisha uzito mguu huu, mguu ule, na kila shimo la barabara lilimchoma mwisho wa uti wa mgongo, pale alipoangukia mwamba.

Daktari wa mgodi alimwambia neno moja tu, kokisi, kwamba imevunjika, akaita mgonjwa mwingine. Maganga, mshenga wake, mtu asiyekubali kushindwa kujua kitu, akalifasiri papo hapo: "Huko ndiko uzazi unakotoka, bwana. Pole sana."

Tangu hapo usingizi ulimpaa Bujiku. Atamwoaje Limi kama hana mtoto wa kumpa? Na baba yake Limi, mzee Ngassa, akimkaribisha kiti, atafanyaje? Kukataa kiti ukweni ni kumtukana mwenye nyumba. Na kusema sababu ni kumkosa Limi.

Lori likasimama kutia maji kwenye rejeta. Dereva, fundi Mgiriki aitwaye Stavro, akamuuliza mbona hakai. Bujiku akashindwa kuvumilia, akamwaga yote, neno pamoja na hofu yake.

Stavro akacheka mpaka maji yakammwagikia viatuni. "Kokisi ni neno letu! Ni ndege, jamaa ya tipitipi. Waganga wa zamani waliona kile kifupa cha mwisho kimepinda kama mdomo wake, wakakiita hivyo. Uzazi unahusu nini? Mimi nilivunja changu, na watoto wamejaa nyumbani."

Maganga, aliyekuwa kando akisikiliza, akaenda kukagua magurudumu.

Ukweni wazee walikuwa wamekwisha kuketi. Ngassa akasogeza kiti. Bujiku akabaki wima. Minong'ono ikaanza, na Maganga, msemaji wake, akainama kukagua kamba za viatu vyake.

Bujiku akasema mwenyewe: "Shikamoo, baba. Sikidharau kiti chako. Nimevunja mdomo wa ndege, huku nyuma."

Ndani, Limi akaangua kicheko. Ngassa hakucheka.

"Unauma?"

"Unauma sana, baba. Lakini watoto nitazaa."

Mzee akaegemea fimbo yake, akainuka. "Haya, simameni wote. Tukaongelee zizini, mahali ng'ombe wake wa mahari watakapolala. Kule hakuna mwenye kiti."