Viti vya Kaunti Huondoka Jumatano

Jumatano ya pili ya mwezi wa Machi, saa kumi na robo alasiri, Bi Verlene Haskett alikuwa jikoni akikanda unga wa mikate ya mdalasini pale kiti cha ofisi kilipogonga mlango wa mbele. Kilikuwa kiti cha kijivu chenye magurudumu matano, mkono mmoja umechubuka. Kilikuwa kimetoka jengo la kaunti ya Brannock, maili kumi na moja kwa barabara ya lami, na theluji ilikuwa bado haijayeyuka mitaroni. Bi Verlene alikifungulia, akachukua kitambaa akakifuta magurudumu kabla hakijakanyaga zulia, maana nyumbani kwake hata mchungaji huvua viatu. Kiti kikapita sebuleni, kikapanda ngazi moja baada ya nyingine, kikasimama mbele ya mlango wa Odessa.

Odessa Pruitt alitoka na kalamu mdomoni. Alikuwa na miaka kumi na saba na miezi saba.

"Kimekuja kwangu?"

"Huko juu chumba ni chako peke yako, mwanangu. Mimi silali ngazini."

Odessa alikizungusha, akakikalia, akaona kinafaa kuliko stuli yake, akarudi kwenye hesabu zake. Chini ya kiti palikuwa na kibandiko: mali ya kaunti, namba 4417.

Baba yake, Lonnie Pruitt, alifanya kazi miaka kumi na tisa kwenye ghala la mahindi la Brannock. Siku moja aliingia ndani ya tangi kuvunja mahindi yaliyoganda, na mahindi yakammeza. Mama alikuwa ameondoka zamani bila kuacha anwani. Mahakama ikamkabidhi binti kwa kaunti, kaunti ikamleta kwa Bi Verlene, mjane aliyestaafu upishi wa shule na ambaye tayari alikuwa amelea watoto kumi na mmoja wa watu wengine.

Kesho yake alikuja Dwight Ostrander, afisa ustawi wa kaunti, na gari la mizigo na fomu ya kurejesha mali.

"Samahani kwa usumbufu, Bi Verlene. Vimeanza kutoka tangu Januari."

"Vinakwenda wapi?"

"Kwa watoto." Alisema kama mtu anayezungumzia mbwa wa jirani. "Tumebadilisha kitasa mara mbili. Odessa, weka sahihi hapa."

Sasa, Brannock kuna jambo moja ambalo halisameheki. Mtu akifiwa au akijifungua, majirani humletea chakula katika bakuli, na bakuli la watu halirudi tupu. Liko bakuli lililorudi tupu mwaka wa mafuriko, na koo mbili hazijapatana mpaka leo. Bi Verlene aliona kiti kinabebwa kikiwa kitupu, akarudi jikoni mbio. Alifunga mikate sita kwa karatasi ya foili, akaiweka juu ya kiti. Dwight alikula miwili kabla ya kuwasha gari.

Aprili kilikuja kiti kilekile pamoja na taa ya mezani. Bi Verlene alijaza mtungi wa maharage ya nyama na pilipili, maana mikate ya mdalasini bila maharage hayo huko kwao ni chai bila sukari. Odessa naye akaingiza karatasi chini ya mtungi, imeandikwa sentensi moja: Kwa nini vinakuja kwangu? Gari likaondoka. Wiki iliyofuata, siku isiyo Jumatano, Dwight alikuja kwa gari lake mwenyewe, akavua viatu bila kuambiwa, akaketi mezani jikoni na bahasha.

"Baba yako alikatwa sehemu ya mshahara wake kwa ajili ya hifadhi ya jamii miaka yote ile," alimwambia Odessa. "Kwa hiyo serikali kuu inakulipa mafao ya yatima. Kila mwezi, Jumatano ya pili, mpaka utimize kumi na minane."

"Mimi sijawahi kulipwa kitu."

"Yanaingia kwetu. Idara ndiyo iliyokuombea, idara ndiyo inayopokea. Inajirudishia gharama za kukutunza."

Bi Verlene aliweka mwiko chini. "Na mtoto ambaye baba yake yu hai lakini amefungwa jela, anatunzwa kwa gharama ya nani?"

"Ya kaunti."

"Kwa hiyo katika watoto wote mlio nao, wanaojilipia kulelewa ni wale waliofiwa."

Dwight alifungua bahasha, akaweka karatasi moja mezani.

"Na viti?" Odessa aliuliza.

"Tulivinunua mwaka jana, kwa fedha hizo. Vilivyokuwepo vilikuwa vimechoka."

"Mbona sikuambiwa?"

"Barua iliandikwa. Sheria inataka apelekewe mlezi."

"Mimi sijaona barua," alisema Bi Verlene.

"Wewe unamlisha tu, Bi Verlene. Mlezi kwa mujibu wa sheria ni idara."

Basi idara ilikuwa imejiandikia barua, ikaipokea kwa mkono wake, ikajiuliza kama ina pingamizi lolote, na kabla ya siku sitini kwisha ikajijibu kwamba haina. Ni kesi ya nyani kupelekwa kwa ngedere, ila hapa nyani na ngedere walikuwa mmoja, na wanatumia sanduku moja la barua. Chini ya nakala ya barua iliyokuwa mezani palikuwa na sahihi ya aliyepokea. Ilikuwa ya Dwight.

"Dwight Ostrander," alisema Bi Verlene, "nilikupikia tangu darasa la kwanza. Nilikuwa nakuongezea."

"Najua."

"Ningejua, nisingekuongezea."

Odessa hakupiga kelele. Aliomba nakala, akaisoma mara mbili, akapigia mstari neno pingamizi. Alikuwa amepata nafasi katika chuo cha wasaidizi wa madaktari wa mifugo, saa mbili kwa gari kutoka Brannock, na amana ya chumba ilitakiwa kabla ya tarehe ishirini Agosti. Yaliyokwisha kuliwa hakuyataka. Alitaka mafao ya miezi mitatu ya mwisho tu, Juni, Julai na Agosti, yawekwe kwa jina lake, na yangetosha. Bi Verlene alimtazama akiandika pingamizi lake kwa mahakama, mgongo umenyooka, na fahari ilimjaa kifuani hata akaunguza sufuria. Katika watoto kumi na mmoja walikuwepo waliovunja madirisha kwa hasira, na alikuwa amewaelewa. Huyu alikuwa wa kwanza kuomba rula.

Shauri lilisikilizwa Jumatano ya pili ya Juni. Kiti namba 4417 kilimkuta Odessa hapohapo mahakamani, kikapita katikati ya safu za mabenchi, kikasimama ubavuni pake. Karani aliuliza kiandikwe kama nani. Jaji, mama mmoja mtulivu aitwaye Marlys Tvedt, alisema kiandikwe kama kielelezo, na Odessa akaruhusiwa kukikalia.

Odessa alizungumza dakika nane bila karatasi. Alisema baba yake alitoka nyumbani saa kumi na moja kila alfajiri na kurudi na vumbi la mahindi masikioni, na hakufanya hivyo ili kaunti ikae vizuri. Alisema haombi msaada, anaomba chake. Mwandishi wa mahakama aliacha kuandika ili asikilize, ikabidi aombe arudiwe.

Wakili wa kaunti alisimama. "Mheshimiwa, mlezi wa mtoto alipewa taarifa na hakupinga."

"Mlezi ni nani?"

"Ni sisi, Mheshimiwa."

Jaji Tvedt alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Alisema kwamba katika miaka ishirini na miwili hajasikia mtoto akijitetea namna ile, wala mawakili wengi. Alisema anamheshimu. Kisha akasema kwamba sheria inaruhusu kaunti kufanya ilichofanya, na kwamba sheria hutungwa mji mkuu, si pale. Mwisho alitoa amri moja. Kwa kuwa samani za kaunti zilikuwa zikishuka ngazi za mbele za jengo la kaunti na zingeweza kuumiza watu, ijengwe njia ya mteremko. Ilijengwa kwa siku tisa, ikawekewa vishikio.

Julai ilikuja mashine ya fotokopi. Ililala sebuleni usiku mmoja, na Odessa akaitumia kutoa nakala mia mbili za barua kwa wabunge wa jimbo. Watatu walijibu kwamba wameguswa.

Agosti alitimiza miaka kumi na minane. Asubuhi ile ilimfikia barua kutoka idarani, ya kwanza kuandikwa jina lake, kwa kuwa sasa hakuwa tena na mlezi wa kuandikiwa. Ilimjulisha kwamba mafao yake yote yametumika kwa matunzo yake, na kwamba muda wa kupinga ulikwisha mwaka juzi. Ilimtakia kheri. Tarehe ishirini ilipita, chumba akapewa mwingine. Bi Verlene alimwambia kitanda cha chumba cha juu hakina tarehe ya mwisho, kisha akaingia stoo ya vyakula akalia kwa hasira, akatoka na unga.

Odessa alipata kazi kwenye ghala la mahindi, kibandani, kupima malori. Aliomba siku moja tu ya mapumziko kwa mwezi, na akaichagua mwenyewe. Jumatano ya pili alisimama chini ya njia ya mteremko, akangoja vitu vitoke, akachagua kimoja akakifuata. Bi Verlene alimfuata nyuma kwa gari, taratibu, mikate ikiwa kwenye kiti cha pembeni.

Oktoba walifuata kabati la mafaili la droo mbili. Lilivuka reli, likapiga kona mbili, likaingia katika nyumba ya kijani ambamo mlikuwa na mtoto wa miaka sita aitwaye Mavis Ibarra. Mama yake alikuwa dereva wa basi la shule, akafariki katika ajali ya barafu. Walimkuta Mavis amekwisha kupanda juu ya kabati, anapiga visigino kwenye droo.

Odessa alipiga magoti. "Unajua limetoka wapi hili?"

"Ofisini."

"Limepitia ofisini. Limetoka kwa mama yako. Alikufanyia kazi, hii ni sehemu yake."

Mavis alifikiri. "Basi ni la kwangu?"

"La kwako. Hebu sema."

"La kwangu."

"Tena. Kwa sauti, usinong'one kama unaiba."

Alisema mara tatu, na mara ya tatu mbwa wa jirani alibweka. Mama mlezi wa pale aliuliza kama wageni watakunywa kahawa. Bi Verlene alikuwa bado anafungua mikate gari la mizigo la kaunti lilipoegeshwa nje, na dereva akaingia na fomu yake.

"La kwangu hili," Mavis alimwambia.

Dereva alisema anajua, akamwomba ashuke.