Mashine Namba Sita

Watu husema kompyuta ndiyo iliyomfukuza Mbeti kazini. Uongo mtupu. Ni sisi wenzake tuliomfukuza, tena kwa mapenzi.

Mwaka wa 1983 tulikuwa wanawake wanane katika chumba cha kompyuta cha kiwanda kimoja cha sabuni, mtaani Baba Dogo. Karatasi za oda ziliingia, sisi tukatoboa kadi kwa mashine, kompyuta ikazisoma. Bosi wetu, Phares Wanyoike, alikuwa na wimbo mmoja: oda zikipanda anaongeza mashine na watu, zikishuka anapunguza. Shule zikikaribia kufunguliwa, kila mzazi akinunua sabuni, tulitoboa hadi vidole vikafa ganzi. Zikishafunguliwa, tulikaa tukisikiliza feni.

Februari hiyo mtoto wa Mbeti, jirani yangu kule mtaa wa Tena, alilazwa na nimonia. Oda zilikuwa zimeshuka, Phares anatafuta wa kupunguza, na asiyekuwapo ndiye huanza. Nikawaita wenzangu chooni, kwa kuwa huko Phares hakufika.

"Tumfichie Mbeti pengo lake," nikasema. "Kila mtu atoboe fungu moja la kadi kwa namba ya mashine ya Mbeti."

"Namba sita? Hiyo si kitu," Kavata akajibu. "Tumfanyie harambee ya kadi."

Sisi mchango tunaujua. Hakuna anayetaka mkono wake uonekane mfupi. Basi kila mmoja akatoboa fungu la Mbeti, kisha la pili, na wengine la tatu, bila kumwambia mwenzake. Ijumaa ripoti ya kazi ya kila mashine ikatoka: Mbeti, aliyekuwa hospitalini wiki nzima, ametushinda sote.

Phares hakugomba. Alitazama kiti kitupu cha Mbeti, akacheka mpaka akavua miwani.

"Watu saba wamefanya kazi ya wanane," akasema, "na bado wamebaki na nguvu za kucheza. Kumbe nimekuwa nikiweka mtu wa ziada!"

Jumatatu mashine namba sita ikabebwa, na kazi ya Mbeti nayo. Niliishi mlango wa pili kutoka kwa Mbeti na sikuthubutu kumwambia. Nilikuwa mwoga, sina neno jingine.

Jumatano akaja. Mtoto alikuwa amepona, amembeba mgongoni, na mkononi ana kiondo cha maembe ya Kangundo ya kutushukuru. Akasimama pale mashine yake ilipokuwa. Ilibaki alama ya miguu ya mashine sakafuni.

"Koki, nani alitoboa zangu?"

"Sisi sote," nikajibu.

Akaweka kiondo chini polepole.

"Si mngekuwa wavivu kidogo tu, jameni."

Mwezi wa nne oda zikapanda maradufu. Tukaenda kwa Phares sote saba, tukamsihi amrudishe Mbeti.

"Wa nini?" akauliza bila kuinua macho. "Si mara ile mliweza?"

Tukarudi tukainamia mashine zetu. Na kinachoniuma hadi leo ni kwamba tuliweza.