Mguu wa Mnunuzi

Fundi Miraji alimuuliza Castory mara mbili kama kweli hataki kusindikizwa.

"Lori la mtumba halikaguliwi na mtu mmoja, kaka. Nani atakukanyagia mafuta?"

"Kule nina mguu wangu," Castory alijibu, akaona haya kidogo kwa furaha aliyoisikia katika sauti yake mwenyewe.

Madereva wa njia ya Horohoro wanaujua ukaguzi huo. Mmoja anapanda kebini na kukanyaga mafuta mpaka chini. Mwingine anasimama mbele, anafungua mfuniko wa oili na kutazama. Injini nzima inatulia. Injini iliyochoka inapumulia hapo, inatoa moshi na kutema vitone vya oili. Lakini mguu lazima uwe wa upande wa mnunuzi, maana mguu wa muuzaji hukanyaga kwa huruma. Kwa hiyo mtu anakwenda na mguu wake, kama anavyokwenda kuposa na watu wake.

Castory hakuwa na watu. Baba yake aliletwa Tanga kutoka Kigoma kukata mkonge kama manamba, na mkonge ukamzika. Mkewe, Praxeda, alichoka kuwa na mume wa kwenye simu, akarudi kwao Muheza. Katika chumba alichopanga Chumbageni kulikuwa na kitanda, jiko la gesi, na kiti kimoja cha mgeni ambacho alikipangusa vumbi kila Jumapili.

Aliyebaki alikuwa Tahiri. Kwa miaka mingi walikuwa wameendesha lori moja la tajiri mmoja, wakipokezana usukani. Mwezi wa Ramadhani Castory alishika usukani alasiri zote ili mwenzake aliyefunga asinzie. Krismasi Tahiri alikaa yeye kwenye foleni ya mpakani ili Castory atafute kanisa. Wakizungumza gizani, mmoja kitanda cha juu na mwingine cha chini, walizungumzia jambo lile lile: kichwa cha lori cha kwao wenyewe, na tela lao. Kisha tajiri akauza malori yake yote. Tahiri akapata kazi kwenye yadi ya Abdulghani, njia ya Pongwe, na simu zikapungua.

Sasa Castory alikuwa ameuza kiwanja chake. Alitaka kuchagua lori, ashike ufunguo, ndipo amwambie Tahiri: panda, twende. Hakuwa amemdokeza. Maneno yale aliyatunza kama zawadi.

Ilikuwa Ijumaa asubuhi. Tahiri alimpokea getini akiwa tayari na kanzu nyeupe ya kuendea msikitini.

"Huyoo! Mtoto wa manamba!"

"Umenenepa, wewe. Yadi inakulisha."

"Nakula na sehemu yako, maana mbavu zako naziona toka hapa!"

Wakacheka, wakashikana mikono kwa muda mrefu. Abdulghani, mwenye yadi, akatoka kwenye kibanda chake akichezea tasbihi. "Bwana Castory, karibu. Huyu amekusifia mpaka nimeona wivu. Nimekuwekea lile jeupe."

Jeupe lilikuwa kichwa cha Kiswidi kilichong'arishwa mpaka mtu anajiona. Castory akapanda. Ndani kulikuwa na pazia, feni ndogo, na vitanda viwili, kimoja juu ya kingine. Akalibonyeza godoro la juu kwa kiganja. Tahiri alipenda kulala juu. Kabla hajaiona injini, moyoni alikuwa amekwisha kulinunua.

Aliposhuka na kufungua bamba la mbele, akaigusa injini. Ilikuwa na joto.

"Tumeliwasha kidogo likupokee," alisema Abdulghani.

Castory akautoa mkono wake. Injini husema ukweli wake inapoamshwa baridi, na hii ilikuwa imeamshwa wakati yeye hayupo. Hata hivyo akafungua mfuniko wa oili na kumwita Tahiri. Tahiri akakusanya kanzu yake, akapanda, akawasha.

Mngurumo ukapanda, kisha ukasimama njiani. Castory alikuwa amelala miaka mingi nyuma ya mguu ule. Aliujua kwenye mlima na kwenye tambarare, aliujua hata akiwa usingizini. Huu haukuwa wenyewe.

"Kanyaga, mwanangu!"

"Nimekanyaga!"

"Ongeza!"

"Chini kabisa, Kasto! Unataka nitoboe sakafu?"

Abdulghani akacheka. Kwenye tundu la oili palitoka kimoshi chepesi, cha kubishaniwa.

Castory angeweza kuaga hapo. Lakini alitaka sana awe amekosea. Akaenda mlangoni. "Shuka. Nakanyaga mimi, wewe simama mbele uniambie unachokiona."

Tahiri alimtazama bosi wake, kisha akashuka.

Castory akaketi kwenye usukani, akakanyaga mpaka chini, kweli kweli. Kebini ikatetemeka. Kupitia kioo aliiona kofia ya Tahiri tu, imeinama mbele ya injini.

"Unaona nini?"

Kofia haikusogea.

"Tahiri! Kuna nini huko?"

"Safi!"

"Hakuna moshi?"

"Safi, Kasto! Kama maji ya kunywa!"

Akazima. Alikaa kidogo na mikono kwenye usukani, akishukuru Mungu kwa haraka haraka, kisha akashuka. Mfuniko ulikuwa umekwisha kurudishwa. Tahiri alikuwa amesimama mbele ya lori akitabasamu, na kifuani mwa kanzu yake nyeupe, kuanzia kwenye tarizi hadi tumboni, vilikuwa vimetapakaa vitone vyeusi vya oili.

Castory akavitazama. Tahiri akafuata macho yake, akavitazama pia. Akaweka kiganja kifuani, lakini kiganja hakikutosha.

"Oili tu," alisema kwa sauti ndogo. "Itatoka."

"Itatoka ukiiwahi," alisema Castory. "Ikikauka hiyo, basi."

Abdulghani alikuwa anasoma simu yake. "Haya, tuandikishane?"

"Nataka kuliona lile jekundu," Castory alisema, akielekeza kidole kwenye lori lililoegeshwa mwisho wa yadi.

"Lile? Lile kuukuu, bwana! Rangi imekufa, kitanda kimoja. Utalala wapi na mwenzako?"

"Niko peke yangu."

Tahiri akapiga hatua kuelekea jekundu, kanzu ameikusanya mkononi.

"Acha," Castory alimwambia, wala hakupandisha sauti.

Ukutani palikuwa na mlingoti wa mkonge uliokauka, ule wanaoegemezea kamba ya kuanikia nguo. Akaomba kipande, akaazima panga la mlinzi, akakata urefu aliouona unafaa. Akaigusa injini ya jekundu: baridi kama jiwe. Ilipoamka ilikohoa, ikatoa moshi mweupe, moshi ukaisha. Akaiacha ipate joto taratibu. Kisha akaukaza mti ule kati ya pedali na kiti mpaka injini ikanguruma kwa nguvu zake zote, akashuka, akazunguka mbele, akafungua mfuniko na kuweka kiganja chake juu ya tundu.

Pumzi ilikuwa ndogo. Alipokigeuza kiganja, kilikuwa kikavu.

Alisimama pale muda mrefu kuliko ilivyohitajika, akisikiliza lori likinguruma bila mtu ndani. Upande wa pili wa yadi Tahiri alikuwa amesimama vile vile, mkono kifuani. Kutoka mjini adhana ikaanza, na Tahiri hakuondoka.

Jumatatu, malipo na karatasi vilipokamilika, Castory alirudi kulichukua jekundu. Geti lilikuwa jembamba, mtaro upo upande mmoja na nguzo ya umeme upande mwingine, na njia ya kutoka ilikuwa ya kurudi nyuma tu. Akawasha, akatazama kwenye kioo cha pembeni. Tahiri alikuwa amekwisha kujiweka nyuma, amevaa shati la kazi, mkono juu, anamwita kwa vidole kama zamani kwenye maegesho yote ya njiani: njoo, njoo, kata kulia, njoo.

Castory akaweka gia ya nyuma. Akasogea kidogo. Akafunga breki.

Akashuka, akatembea mpaka nyuma ya lori. "Salama, Tahiri?"

"Salama, Kasto. Nafasi ipo, njoo tu."

Castory akachuchumaa kwenye mtaro, akapima kwa macho, akaenda kwenye nguzo, akapima tena. Nafasi ilikuwepo, kama mkono ulivyosema. Akarudi, akapanda, akasogea kidogo. Kwenye kioo mkono ukainuka tena, ukamwita: njoo.

Akafunga breki, akashuka tena kutazama.