Sisimizi Kwenye Shoka la Jenerali

Babu alikuwa na shoka la jenerali, na mtaa mzima ulilijua shoka hilo, upende usipende. Lilining'inia sebuleni juu ya redio, na mgeni hakuwahi kuketi vizuri kabla ya kusimuliwa jinsi lilivyopasua kofia za chuma katika vita vya jangwani, huko Afrika Kaskazini. Babu alilinunua ujanani, alipokuwa mpishi msaidizi melini, kutoka kwa mzee mmoja wa bandari ya huko aliyemwapia kwamba lilikuwa la jenerali. Kwa sababu ya shoka hilo wenzake wa pale kwa kinyozi walimwita Jenerali, naye aliitika kwa sauti nzito kuliko ile aliyozaliwa nayo.

Sasa mjukuu wake alikuwa amepata kazi ya majaribio kwenye makumbusho. Kazi yenyewe ilikuwa kutambua vyombo vya kale vya madini: kila kimoja kimetoka wapi, kilifanya nini. Babu aliposikia kuna maonyesho, alilishusha shoka kwa mikono yake, akalifunga kwenye taulo safi.

"Liandikie kadi nzuri, mwanangu," alisema. "Jumamosi nakuja na kijiwe kizima."

Pale makumbusho kulikuwa na sheria moja isiyo na mzaha. Aliyekichunguza chombo ndiye anayekiandikia kadi ya maelezo, na anaweka saini yake chini. Mkuu wake alikuwa mama mpole kwa kila kitu isipokuwa kadi. Kadi ya uongo ikipita, aliyeisaini alikuwa anajitafutia kazi nyingine.

Jumatano asubuhi Mjukuu akalifungua taulo, na mambo yakaanza kuharibika. Kwanza, shoka lilikuwa jepesi. Mpini wake wa shaba ulikuwa na uwazi ndani. Ungepiga nao kofia ya chuma mara moja tu, kisha ukimbie. Upande mmoja ulikuwa na kisu kipana kisichoweza kukata hata siagi, upande wa pili kijinyundo. Tena lote lilijaa nakshi, nyota ndani ya nyota, kazi ya fundi aliyejua chombo chake kitatazamwa na watu walioketi kwa raha zao.

Akafungua kitabu cha michoro, na ukurasa wa arobaini akakutana na ndugu wa shoka lile, tumbo moja. Moroko. Nyundo ya kuvunjia sukari. Huko sukari ilinunuliwa ikiwa donge refu lililochongoka, gumu kama jiwe, na wageni wakifika ilivunjwa kwa nyundo nzuri ili itiwe kwenye chai.

Mjukuu akafunga kitabu. Akakifungua tena, labda picha ingekuwa imebadilika. Moyo ulimuuma kweli. Akiandika vita, kazi imekwenda. Akiandika sukari, Babu atasimama mbele ya kijiwe kizima akiwa mpishi msaidizi aliyeuziwa mbuzi kwenye gunia, na jina la Jenerali litakwisha hapo hapo. Akaiacha nyundo mezani, akaenda kula, ingawa hakula.

Aliporudi alikuta sisimizi. Walikuwa wametoka dirishani kwa mstari mmoja, wamepanda meza, na wanaingia mahali kijinyundo kilipokutana na mpini. Akachokoa pale kwa sindano, ikatoka punje ya kahawia, inanata. Akaionja, kosa ambalo Mkuu asingemsamehe. Ilikuwa sukari guru, tena ya juzi tu.

Jioni alimkuta Bibi jikoni, amelishika donge la sukari guru na analigonga kwa mchi, na mchi hauelewani nalo.

"Bibi, umekuwa ukitumia shoka la Babu?"

Bibi hakugeuka. "Funga mlango."

Mlango ukafungwa.

"Tangu wiki ya kwanza ya ndoa," Bibi alisema. "Akitoka kwenda kazini nalishusha, navunja sukari yangu, nalifuta, nalirudisha. Silaha gani ile, nyepesi hivyo? Nilijua ni kitu cha jikoni siku niliyolishika."

"Na hukumwambia?"

"Ningemwambiaje? Alikuwa anaisimulia hadithi yake vizuri mno." Bibi akaweka mchi chini. "Wewe andika kweli yako, usipoteze kazi. Babu yako niachie mimi."

Jumamosi Babu aliingia na kijiwe chake, watu saba, kanzu na mashati yamepigwa pasi, kinyozi mbele. Bibi alikuwa hajamwambia neno. Alikuja nyuma yao polepole, na mkoba wake kwapani. Mjukuu alisimama kando ya kabati la kioo. Babu akavaa miwani akaisoma kadi kwa sauti, maana alikuwa ameshawaahidi wenzake kuwasomea.

"Nyundo ya kuvunjia sukari. Moroko. Shaba na chuma." Sauti ilipungua, lakini akaendelea. "Imetumika... hadi wiki hii."

Kinyozi alikohoa, akatazama dari.

"Wiki hii?" Babu aliuliza. "Na nani?"

"Na mimi," Bibi akasema. "Ile chai unayoisifia kila asubuhi, ulidhani sukari inajivunja?"

Babu akavua miwani. Alimtazama mkewe, akaitazama nyundo, akamtazama tena mkewe kwa muda mrefu.

"Miaka arobaini na sita," alisema taratibu, "kila Ijumaa napanda kiti kulipangusa vumbi, na kila Ijumaa nashangaa mbona halina vumbi."

Kinyozi ndiye aliyeanza kucheka, kisha Bibi, kisha Babu mwenyewe mpaka akaegemea kabati na mlinzi akaja kumwomba asiegemee. Mjukuu alicheka huku anafuta machozi, na hakujua yalikuwa ya kitu gani.

"Sasa wewe tukuiteje?" kinyozi aliuliza.

Babu alimshika Bibi mkono, akamsogeza mbele ya wenzake.

"Jenerali ni huyu hapa," alisema. "Mimi nilikuwa namtunzia silaha."

Bibi akauliza maonyesho yanakwisha lini, maana ule mchi haufai kitu.