Mgonjwa Huyu Asitiwe Moyo

Jumatatu saa tatu asubuhi, nesi wa wodi ya wanawake alimpandisha Dada Mkubwa kwenye mizani, kwa sababu dawa ya usingizi hupimwa kwa kilo, akaandika hamsini na mbili. Jioni, wageni walipoondoka, akampandisha tena. Mizani ikasoma sitini na moja. Mwili ulikuwa ule ule, mashavu yale yale yaliyobonyea, na gauni la hospitali bado lilimpwaya mabegani.

"Wamekuja wageni wangapi?" nesi aliuliza.

"Tisa."

"Wamesemaje?"

"Wamesema nijikaze."

Nesi alipiga mstari juu ya hamsini na mbili, akaandika sitini na moja. Alikuwa na miaka kumi na tisa kwenye wodi ile, na saa hizo miguu ilikuwa inamuuma.

Dada Mkubwa alikuwa fundi wa kujalidi vitabu. Kwa miaka ishirini na minne alikuwa akishona kwa uzi wa nta yale madaftari makubwa ya ofisini, akiyapaka gundi mgongoni, akiyabana kwenye shinikizo la chuma na kesho yake kuyakata kingo. Hakuna daftari lake lililowahi kuachia ukurasa. Nyumbani nako kazi ilikuwa hiyo hiyo ya kushikiza. Baba yao alipofariki yeye alikuwa na miaka kumi na sita, na siku ya maziko watu wazima wenye akili zao timamu walimshika bega mmoja baada ya mwingine wakamwambia kwamba sasa yeye ndiye baba na yeye ndiye mama, ingawa mama mwenyewe alikuwa hai, amekaa pale pale anakunywa chai. Tangu hapo, bomba likipasuka kwa mama, aliitwa Dada Mkubwa kwanza na fundi bomba baadaye. Na daktari alipouona uvimbe kwenye figo yake, ni yeye aliyewapigia ndugu zake simu na kuwabembeleza wasilie.

Daktari alikuwa amesema wazi. Uvimbe utolewe Alhamisi, kwenye chumba cha upasuaji ghorofa ya tatu. Alhamisi ikipita, nafasi nyingine ni baada ya miezi mitatu, na uvimbe hauna kawaida ya kusubiri kalenda ya hospitali.

Jumanne walikuja wafanyakazi wenzake wa karakana, majirani, na ukoo. Kila mmoja alikuwa na lake. Piga moyo konde. Wewe si wa kushindwa na kitu kidogo hiki. Kuna mtu alikuwa nacho kikubwa kuliko chako, na leo anacheza mpira. Maneno ya wenzake wa kazini yalikuwa na kilo moja moja, ya majirani pungufu kidogo, ya ukoo tano tano. Mdogo wake wa kiume, kitindamimba, mwenye miaka thelathini na mmoja na ndevu, alisema, "Dada, wewe ni chuma," halafu akamuuliza amwambie nini mkewe ambaye amehamia kwa wazazi wake. Alijibiwa. Kisha mama akainama, akambusu kwenye paji la uso na kusema, "Wewe ndiye nguzo yetu." Hilo peke yake lilikuwa na kilo ishirini. Springi za kitanda zikagusa sakafu.

Walipotoka, ile mizani ya wodi haikutosha. Nesi alikwenda stoo akaazima ile ya kupimia magunia, akapata mia moja sabini na moja. Akapiga hesabu nyuma ya kadi ya mgonjwa. Lifti inabeba kilo mia tatu na hapo inalalamika. Kitanda cha magurudumu tisini, msukuma kitanda sabini. Zinabaki mia moja na arobaini. Kwa ngazi haiwezekani, kona zake ni finyu na machela haipindi.

Akachukua kipande cha kadi ngumu, akaandika kwa kalamu nene, akakifunga miguuni pa kitanda: MGONJWA HUYU ASITIWE MOYO. Kilikuwa cha nne mwaka huo, na vyote vilikuwa vya wanawake. Kisha akaichukua simu ya Dada Mkubwa na kuifungia kwenye droo.

Jumatano ilikuwa siku ya kupiga deki, wageni hawakuruhusiwa. Kwenye kitanda cha jirani alilala muuza viatu vya mtumba, mwanamke mnene mwenye kidonda cha mguu kisichotaka kupona. Wodi nzima ilimwita Bi Malalamiko. Kuanzia asubuhi alilalamikia uji, shuka, mguu, serikali, wanawe na hewa. Alikuwa na kilo kumi na moja. Feni ikiwashwa, nesi humchomekea shuka pande zote mbili ili asipae.

Baada ya chakula cha mchana, sakafu ikiwa bado mbichi, Bi Malalamiko aligeuza shingo.

"We mama, unaumwa wapi?"

"Siumwi sana," alisema Dada Mkubwa.

"Sijakuuliza sana. Nimekuuliza wapi."

Dada Mkubwa alifikiri. Ni swali dogo, mtoto wa chekechea hulijibu, lakini yeye alikuwa hajaulizwa kwa muda mrefu na ilibidi atafute. Alisema ubavuni, upande wa kushoto, kama mtu anasokota kitambaa cha kudekia. Bi Malalamiko akasema, "Maskini." Akangoja kingine.

Basi kingine kikaja. Dada Mkubwa alisema anaogopa kisu. Anaogopa kulala usingizi wa dawa na kutoamka, na anaogopa zaidi kuamka na kukuta watu wote wanamngoja awaambie la kufanya. Alisema hampendi mke wa kitindamimba, na siku nyingine hata kitindamimba mwenyewe hampendi. Alisema alipokuwa na miaka kumi na sita alitaka kulia kaburini na hakupewa nafasi, maana kila alipofungua mdomo kuna mtu alimkabidhi mtoto ambebe. Alisema amechoka. Alilisema neno hilo mara nyingi mfululizo, na machozi yakamwingia masikioni kwa vile alikuwa chali.

"Ndiyo," alisema Bi Malalamiko. "Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Endelea."

Springi zilianza kupanda moja moja, zikilia. Ilipofika saa kumi, nesi alimpima akakuta kilo tisini na sita. Akaandika, akasema kesho watapanda vizuri. Dada Mkubwa alikula sahani nzima ya wali, na alijisikia vizuri kwa mara ya kwanza tangu mwaka uanze.

Alhamisi saa mbili asubuhi ndugu walikuwa wamejipanga ukutani, kwenye ukumbi mbele ya lifti. Nesi aliwasomea kile kibao kwa sauti, neno kwa neno.

"Hicho ni kwa wale wanaotiwa moyo vibaya," alisema kitindamimba.

"Mpungieni mkono tu," alisema nesi. "Mkono unatosha."

Wakapunga. Msukuma kitanda akaingiza kitanda, akafunga mlango. Lifti ilikuwa ya zamani, mlango wake wa vyuma vya kukunja na sakafu yake ya wavu, macho na sauti hupenya. Ikapanda. Ikapita ghorofa ya kwanza. Ikapita ya pili. Watu waliosimama chini waliyaona magurudumu ya kitanda yakipotea juu, na hapo kitindamimba akashindwa. Alimpenda dada yake kwa dhati, hilo lisemwe. Aliuweka mdomo kwenye vile vyuma.

"Jikaze, Dada!"

Na wengine nao, kwa kuwa mmoja ameshaanza.

"Usiogope! Tuko nyuma yako!"

"Wewe ni jabali!"

"Wewe hushindwi!"

Lifti ilisimama kati ya ghorofa ya pili na ya tatu. Ikatulia kidogo. Halafu mama, ambaye alikuwa amejizuia muda wote kwa kuziba mdomo na kanga, alisema ile yake ya nguzo, na lifti ikaanza kushuka. Kila walipopaza sauti ilishuka kiasi cha hatua moja, na kila ilipokaribia walizidi kupaza sauti, kwa sababu sasa waliyaona magurudumu, kisha shuka, kisha mkono wake. Ilipogusa chini, msukuma kitanda alifungua mlango, na ukoo mzima ukapiga makofi.

"Umerudi salama!" alisema kitindamimba, analia kwa furaha. "Sikuwaambia?"

"Sijapasuliwa," alisema Dada Mkubwa.

Daktari alishuka kwa ngazi na glavu mkononi. Alitazama kitanda kilivyokaa, akatazama saa, akaita anayefuata. Huyo anayefuata alikuwa mwanamke wa kilo arobaini na nane ambaye hakuna mtu aliyewahi kuja kumwona. Lifti ilimpandisha mara moja bila kelele. Daktari akafungua kalenda, akahesabu miezi mitatu, akamwandikia Dada Mkubwa tarehe kwenye karatasi. Watu wanne walikisukuma kitanda hadi wodini.

Ndugu walikaa kukizunguka. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, na wao waliuangalia huu wao kwa huzuni ya kweli, wakasema miezi mitatu si mingi. Dada Mkubwa aliyakumbuka mazungumzo ya jana. Alijua sasa ni neno gani hupunguza, na kwamba linahitaji mtu wa kulipokea. Akamshika mama mkono.

"Mama, nimechoka."

Mama alitazama miguu ya kitanda, akatazama wanawe, kisha akamgeukia tena.

"Sasa ukichoka wewe, mwanangu," aliuliza, "sisi twende wapi?"

Aliuliza kama mtu aliyepotea njia anavyouliza, na hakukuwa na ubaya wowote ndani yake. Kitindamimba alikuwa ameacha kulia na anangoja jibu. Wote walikuwa wanangoja. Bi Malalamiko, kutoka kitanda cha pili, alisema, "Usimjibu." Lakini Dada Mkubwa alikwisha kumwona mama yake, mzee mdogo mwenye hofu, amekumbatia mkoba kwa mikono miwili, na akamwonea huruma. Alikuwa amemwonea huruma hiyo kwa miaka thelathini na hakujua kuizima.

"Nitajikaza, mama," alisema.

Magurudumu mawili ya mbele yalipasua vigae, yakazama hadi kwenye ekseli. Mama akashusha pumzi. Kitindamimba akasema, "Huyo sasa ndiye Dada," na wote wakacheka kidogo, wakakusanya mikoba yao kwa sababu kengele ya kuondoka ilikuwa imelia. Nesi alikwenda stoo kuomba ile mizani ya magunia. Mama alivuka geti la hospitali akitembea vizuri kuliko alivyotembea wiki nzima.