Chungu cha Haradali cha Mwinyi Arnaut

Mwinyi Arnaut wa Marsenh alikuwa Mgaskonia, mtu wa kusini mwa Ufaransa, kuanzia utosi hadi kisigino, ila upanga wake ulikuwa wa mfalme wa Uingereza, mtu wa ng'ambo aliyeitawala nchi ile na hakuwahi kutia mguu Marsenh. Alimpigania miaka ishirini na miwili. Akarudi na goti bovu, akakuta mkewe Condor kashazikwa wiki tatu. Mfalme hakutuma hata pole.

Leo alikuwa katuma mtu wa kula.

Maana ardhi ya Marsenh, tangu enzi za mababu, hulipiwa kwa mlo. Mjumbe wa mfalme akifika, mwinyi mwenyewe, kavaa soksi nyekundu mguu mmoja, humwandalia nguruwe, kabichi, kuku wa kuchoma na haradali. Kikikosekana kimoja tu, mnara na mashamba yote ni ya mfalme.

"Haradali hakuna," alisema Galharda, mpishi.

"Hakuna vipi, mama?"

"Kamuulize mfalme wako! Farasi wa jeshi lake si ndio waliolimaliza shamba mwezi jana? Wakubwa hao, bwana. Wanakula miche, kisha wanakuja kudai mavuno."

"Na kwa majirani?"

"Farasi wenyewe walikuwa na adabu. Hawakubagua."

Arnaut akainua macho rafuni. Galharda naye akainua, kisha akayashusha upesi. Palikuwa na chungu kidogo kilichozibwa kwa nta, haradali aliyoisaga Condor vuli yake ya mwisho. Miaka minne hakuna aliyethubutu hata kukipangusa vumbi.

"Kishushe wewe," Arnaut alisema. "Mimi goti."

Goti halikuwa na neno siku hiyo.

Bwana Hamond, mjumbe, alikuwa pande la mtu, na mnara ule alikuwa kashamuahidi shemeji yake. Alifagia nguruwe, akafagia kuku, akacheka.

"Na haradali, mzee?"

Arnaut, mguu mmoja mwekundu kama jogoo aliyenyonyolewa upande, akakiweka chungu mezani. Hamond akaonja, akakunja uso.

"Haina ukali! Tope hili!"

"Hati yako ya ardhi inataka haradali, haikutaja ukali. Mwenye ukali nyumba hii alizikwa, mimi nikimlindia mfalme wako mipaka."

Karani aliyekuja na Hamond akaipitia hati mara mbili, akainua mabega.

Basi Hamond, kwa inda tu, akaisomba yote kwa mkate mpaka chungu kikang'aa. Arnaut alisimama palepale akifuata kila tonge kwa macho, kama anayeona jeneza likishushwa mara ya pili.

"Marsenh imelipiwa," akasema karani.

Walipoondoka, Galharda alimkuta bwana wake kaingiza kidole chunguni.

"Kimebaki kitu?"

"Harufu." Akakilamba kidole hata hivyo. "Kesho tupande haradali. Na uzio, mrefu."

"Wa kuzuia mbuzi?"

"Wa kumzuia mfalme."