Shaba ya Bi Rukia, Chuma cha Landhi

Jumamosi ya wageni, saa tatu kasorobo asubuhi, nyumba ya Zipporah pale Kaloleni, mjini Voi, ilikuwa imejaa mpaka mwenye nyumba mwenyewe akakosa pa kuweka kikombe chake cha chai. Wanawake kumi na mmoja walikuwa uani wakimenya vitunguu na viazi, na kwa kila kitunguu kulikuwa na habari ya mtu: nani amehama, nani amerudiana na mumewe, nani kaonekana stendi na begi kubwa na hakuaga. Zipporah alizipenda habari hizo kuliko chai yenyewe, lakini siku hiyo masikio yake yalikuwa barabarani. Saa saba wangeingia wakwe.

Walikuwa wanatoka Mata, watu thelathini na wawili, upande wa Shanice. Mwezi uliopita Zipporah na watu wake walikuwa wamekwenda huko kumposea mwanawe Donald binti huyo, wakalishwa mpaka mzee wao mmoja akalegeza mshipi mbele za watu. Sasa ilikuwa zamu yake. Wakwe walikuja kuona binti yao anaingia nyumba gani, na kwa siku kama hiyo mtu haangalii mabati wala rangi ya ukuta. Anaangalia sahani. Zipporah alitaka kitu kimoja tu: wale washibe, warudi kwao salama.

Tabu ilikuwa vyombo. Sufuria kubwa za kikundi cha akina mama zilikuwa zimepanda Wundanyi tangu Alhamisi kwenye matanga, na matanga hayaharakishwi. Zilizobaki ni zile za kupikia mboga ya watu sita. Kwa hivyo siku ya Ijumaa Zipporah alikuwa amevuka njia hadi kwa Bi Rukia, jirani yake wa miaka ishirini, kuomba sufuria ya shaba.

Sufuria hiyo watu wa mtaa waliijua kwa kuisikia tu. Bi Rukia aliachiwa na mama mkwe wake. Ilikuwa pana, ungeweza kumwogeshea mtoto wa miaka mitatu ndani yake, na haikuwa imetoka nyumbani ila kwa harusi za watoto wake mwenyewe.

"Nakupa kwa kuwa ni wewe," alisema Bi Rukia. "Pika wali, pika nyama, utakacho. Ila ndani mna bati, lile jeupe ulionalo. Limepakwa zamani, limekwisha kuwa jembamba. Lioshe kwa maji na kitambaa. Ukilikwangua, umeniulia chombo changu."

Zipporah aliapa. Akaibeba hadi nyumbani, akaiweka jikoni, akaenda zake sokoni. Ila hakumwambia Lois.

Lois alikuwa wifi yake, dada mkubwa wa marehemu mumewe, na kwa usafi hakuwa na mpinzani Voi nzima. Ukimpa kikombe atakinusa kwanza. Sasa asubuhi hii alikuja kutoka nyuma ya nyumba ameikumbatia ile sufuria, mikono imelowa hadi kwenye viwiko.

"Wifi! Njoo uone kazi!"

Akaiinamisha jua likaingia. Wanawake wakaacha visu. Ilikuwa inawaka, nyekundu nje na nyekundu ndani, mtu angejitazama akajifunga kilemba.

Zipporah alichungulia sufuriani. "Ndani kulikuwa kweupe," alisema.

"Gaga la chumvi hilo! Si unajua maji yetu. Birika la miezi mitatu ndani limeota jiwe. Hii ina miaka arobaini, hebu piga hesabu. Nimesugua jana jioni, nikaanza tena alfajiri. Mchanga wa mtoni, ndimu, jivu. Limetoka lote."

"Lois. Lile lilikuwa bati."

"Bati la nini?"

Aliyejibu ni Ronald, mdogo wake Zipporah, mwalimu wa kemia katika shule moja ya upili, ambaye alikuwa amekuja mapema kupasua kuni. Aliweka shoka chini, akapitisha kidole ndani ya sufuria kama daktari.

"Bati la kutenga chakula na shaba," alisema. "Dada, humu hupiki. Si kwa rosti ya ukwaju na nyanya. Kitu kikali kikichemka kwenye shaba tupu kinaila, na ile shaba iliyoliwa inaingia mchuzini. Mtu atatapika kabla hajamaliza soda."

"Aa, mwalimu, usitutishe," Lois akasema. "Watu wanavaa bangili za shaba mkononi mchana na usiku kwa ajili ya maumivu ya viungo, hatujaona aliyekufa."

"Bangili haichemshwi na ukwaju, dada Lois."

Uani pakacheka. Lois hakucheka. Alimvuta Zipporah pembeni karibu na tangi la maji, akashusha sauti, ingawa kwa Lois kushusha sauti bado ni watu watano kusikia.

"Sikiza. Wale watu wanakuja saa saba. Tia mafuta mengi, pika haraka, pakua haraka. Nani atajua? Ama unataka wakwe wakukute umepika kwenye lile dude jeusi la landhi?"

Zipporah alilijua dude hilo. Lilikuwa chungu cha chuma cha miguu mitatu, kizito cha kubebwa na wanaume wawili, ambacho baba mkwe wake alipewa jiko la landhi, yale makazi ya wafanyakazi wa reli, lilipofungwa. Lilikuwa limelala nyuma ya choo, limejaa kutu, kuku akilalia humo.

Alifikiria. Aliliona basi la wakwe likiwa limesimama Maktau, njia ya kurudi kwao, watu wazima wameinama kando ya barabara mmoja mmoja, mama Shanice mbele yao. Hilo likitokea hakuna posa tena.

"Ronald," aliita, "mtoe kuku."

Lois alishika kiuno. "Mbele ya wakwe, wifi?"

"Mbele ya wakwe. Na wewe na huo mchanga wako njoo. Kazi yako imehamia huku."

Basi wakamgeuza Lois fundi wa kutu. Alinuna dakika tano, kisha mikono ikamshinda, akaanza kusugua kama aliyetukanwa. Kutu ikatoka kwa vumbi jekundu, maji yakawa kama ya mto baada ya mvua.

"Haya nieleze, mwalimu," alisema bila kuinua kichwa. "Mchanga uleule, mkono uleule. Kile nimeua, hiki naponya. Ni haki hiyo?"

"Kutu ni chuma kilichokwisha oza," Ronald alisema. "Chuma kikipata maji na hewa kinaoza, na kutu yake inabanduka, hewa inaingia tena ndani. Hakiachi mpaka ukikwangue ukipake mafuta. Shaba haiozi hivyo. Yenyewe inafanya weusi juu, ikikaa sana kijani, na hapo inatulia. Shuleni tunawafundisha ni jamaa moja hawa, metali za mpito. Lakini tabia mbali kabisa."

"Kama Zipporah na wifi yake," alisema Wayua, mmoja wa wale wamenya vitunguu.

"Ati nani ni kutu?" Lois akauliza, na uani watu wakavunjika mbavu.

Zipporah hakuwa na muda wa kucheka. Chungu kilipotoka weusi safi alikipaka mafuta ya mbuzi ndani yote, akawasha moto, akakiacha kiungue mpaka moshi ukakata na ndani kukang'aa kama ngozi iliyopakwa. Kilipopoa akakifuta, akawasha kuni upya. Ilikuwa saa tano. Akatia mafuta na vitunguu. Hakuna kilicholia. Akangoja. Bado kimya.

"Kimekufa hiki," alisema Lois.

"Chuma ni kizito kuamka," Ronald alisema. "Shaba ingekuwa imeshaunguza kitunguu. Inapitisha moto karibu mara tano zaidi, na umeme pia. Ndiyo sababu nyaya za kwenye kuta ni shaba. Lakini reli pale chini huwezi kuilaza ya shaba, ingelainika na kupindwa na treni ya kwanza. Kila mmoja na kazi yake. Wewe ngoja tu, na kikiamka, punguza kuni mapema."

Kiliamka ghafla. Vitunguu vikaanza kulia vyote pamoja, na kuanzia hapo Zipporah akakijua. Aliifuata ile hali yake kama unavyomfuata mtu mkaidi unayempenda. Alitoa kuni mbili kabla hajatia mchele, akatoa nyingine tatu maji yalipokauka, na chungu kikaendelea kupika kwa joto lililokuwa tumboni mwake. Ukwaju na nyanya hakuvitia humo kabisa, maana chuma nacho kikikutana na kitu kikali huachia weusi na ladha ya msumari. Vile alivipika na nyama kwenye zile sufuria ndogo, mara nne, Wayua akikoroga, ukawa mchuzi wa kumwagiwa juu ya wali.

Na shaba? Ronald aliijaza maji ya kunawa. Kwa vijiti vitatu yalichemka kabla hajamaliza kufunga kamba ya kiatu.

Saa sita Bi Rukia alifika na bakuli la achari chini ya mtandio. Zipporah alimwona getini, akajua kuna dakika moja tu kabla hajaiona mwenyewe. Akaenda kumpokea huko huko.

"Bi Rukia, kabla hujaketi. Bati limetoka. Wifi yangu aliliosha akidhani ni gaga la maji. Kosa ni langu, sikumwambia. Sijapika humo, nimetia maji ya kunawa tu."

Bi Rukia alitembea hadi kwenye sufuria. Aliinama akaangalia ndani, mvuke ukimpiga usoni. Wanawake wote wakapata shughuli ya ghafla na viazi vilivyokwisha menywa.

"Nani aliosha?"

"Mimi, Bi Rukia," alisema Lois kutoka nyuma, sauti ndogo ambayo watu walikuwa hawajui anayo.

"Kwa mkono wako peke yako? Bati la miaka yote hiyo?" Bi Rukia alimtazama mikono. "Hasha! Mafundi wenyewe hulitoa kwa moto." Akamgeukia Zipporah. "Nimeumia, sikufichi. Lakini umeniambia kabla sijala kwako, na hukuwapikia watu humo. Kuna mzee Mombasa, Mji wa Kale, bado anatia bati. Mtaipeleka."

"Nitaipeleka mwenyewe," Lois akasema.

"Utaipeleka nami. Wewe peke yako utaisugua garini."

Wakwe waliingia saa saba na dakika ishirini, wakaimba mlangoni, wakanawa kwa maji ya moto kutoka sufuria iliyowaka kama jua. Wawili waliipiga picha. Kisha wakaketi, na sahani zikapita. Zipporah alisimama pembeni mwa mlango wa jikoni akitazama midomo. Kwanza kulikuwa na mazungumzo. Halafu mazungumzo yakapungua. Halafu kukawa na sauti ya vijiko tu, na akaanza kupumua.

Watu wengine walipokuwa wakiomba soda, mama Shanice aliinuka. Alikuwa mwanamke mfupi mwenye hatua za haraka, na alipita katikati ya wazee bila kuomba njia, akapita sebuleni, akatoka uani penye moshi, ambako mgeni wa siku ya kwanza haendi. Zipporah akamfuata akijifuta mikono.

"Mama Donald, mmepikia nini huu wali?"

Lois alijisogeza mbele ya chungu, kama anayeweza kukificha. Zipporah akamsogeza.

"Hiki hapa. Cha zamani, cha reli."

Mama Shanice alichungulia. Chini, chuma kilikuwa bado na joto saa nzima baada ya moto kuzimwa, na kilikuwa kimekaanga wali wa mwisho ukawa ukoko wa rangi ya asali, mnene, kipande kimoja.

"Nyumbani tunapikia sufuria nyepesi, ukoko unaungua," alisema. Alivua viatu vyake vya harusi, akakunja leso kiunoni, akavuta kigoda. "Nipe kijiko cha chuma. Kikubwa. Na hao wa ndani msiwaite kwanza."